Leso Niliyoitundika Bila Kuisoma

Kila inapokaribia tarehe 27 Juni, kampuni ninayofanyia kazi mjini Toronto huadhimisha Siku ya Tamaduni Mbalimbali ya Kanada, na kila mfanyakazi mwenye asili ya mbali huombwa apambe meza kwa vitu vya kwao. Nilikuwa nimeikwepa shughuli hiyo miaka sita mfululizo, si kwa kiburi, bali kwa sababu sikujua meza yangu ingewekwa karibu na ya nani.

Mimi ni Mswahili wa Mji wa Kale, Mombasa. Babu yangu mzaa baba alishuka jahazini akitokea Hadhramaut, Yemeni, nyanya yangu mzaa mama ni Mbajuni wa Siyu, na katikati yao yuko babu mmoja wa Kutch, India, ambaye ndiye anayelaumiwa kwa pua yangu. Nikiwa Kenya, kila nilipofuata cheti serikalini niliulizwa, tena kwa upole wa kutisha, asili yangu hasa ni wapi. Huku Kanada swali ni lile lile, ila fomu ya sensa huliuliza kwa miraba: Mweusi, Mwarabu, Mwasia Kusini na wengineo. Kwa kuwa fomu inaruhusu kutia alama zaidi ya moja, mwaka 2021 nilitia tatu, mke wangu akanichungulia begani akasema nimejaza kama mtu anayecheza bahati nasibu.

Mwaka wa saba sikuponyoka. Nilibandikwa kifuani beji iliyoandikwa "Mkenya-Mkanada", nikabaki nikikitazama kile kistari cha katikati. Kwa mwenzangu aliyezaliwa na watu wa kijiji kimoja kistari hicho kinatosha kabisa, lakini mimi nikianza kuwataja wazee wangu mmoja mmoja kwa vistari, beji itanifika kiunoni.

Chakula ndicho kilichonivua nguo kwanza. Mwenzetu wa Hyderabad alionja biriani yangu, akanishika mkono kwa huruma, akanipongeza kwa kujitahidi kuiga pishi la kwao. Msomali wa idara ya hesabu alizitambua sambusa tangu mlangoni, akazihesabu kama mtu anayerudishiwa mali iliyoibiwa. Mahamri yalidaiwa na Mghana, aliyeyaita kwa jina la kwao na kutaka kujua ni nani aliyeyakata pembe tatu ilhali Mungu aliyaumba mviringo. Tumaini langu likabaki kwenye mbaazi za nazi, mpaka Mjamaika mmoja alipotia kijiko, akafumba macho, akamtaja marehemu bibi yake.

Basi nikaitegemea leso, yaani kanga. Ni kweli kwamba jina lenyewe la leso tuliachiwa na Wareno, pamoja na neno meza nililokuwa nimeliegemea wakati huo, lakini nilishukuru kwamba Mreno wa idara ya usafirishaji alikuwa likizoni.

Nilikuwa nimemwomba mke wangu anitolee sandukuni ile iliyoandikwa "Karibu mgeni". Akanipa leso nyekundu, pindo jeusi, mji, yaani sehemu ya katikati, wenye korosho nyeupe, ingali ngumu kwa wanga wa dukani na haijakatwa, vipande viwili bado vimeshikana. Nilivikunja viwili pamoja nikaitandika mbele ya meza, na jina, yaani maandishi yake, likaangukia nyuma ya birika la kahawa. Mkurugenzi wetu, ambaye wazee wake walitoka Scotland, alipopita akauliza maandishi yale yana maana gani. Nami, bila kujisumbua kuinama, nikamjibu kwa sauti ya mwanachuoni: "Karibu mgeni, wewe ni baraka kwetu."

Maneno hayo yalimgusa kupita kiasi. Aliagiza leso iondolewe mezani itundikwe ukutani, nyuma ya jukwaa, nikapandishwa nami nisimame kando yake nikiwa nimeipa mgongo. Akaanza hotuba kama zinavyoanza hotuba nyingi za Toronto siku hizi, kwa kutambua kwamba tumesimama katika ardhi ya jadi ya Wamississauga wa Credit na mataifa mengine ya wenyeji. Kisha akaeleza jinsi Pierre Trudeau alivyotangaza sera ya tamaduni mbalimbali mwaka 1971, na jinsi sheria yake ilivyopitishwa mwaka 1988. Mwishowe akainyooshea leso mkono na kutangaza kwamba falsafa yote ya Kanada imo katika kitambaa kile. Watu wakapiga makofi na picha.

Ndipo mama mmoja wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa ameanza kazi wiki ile ile, aliposogea jukwaani na kuniuliza kwa heshima zote: "Papa, mulisoma hii mbele ya kuitundika?"

Nikageuka. MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE.

Mkurugenzi akataka kujua tunazungumza nini. Nilijaribu kueleza kwamba jembe ni kifaa cha bustani, na kwamba katika utamaduni wetu mgeni hutunukiwa kifaa hicho baada ya kukaa muda wa kutosha. Huenda ningeokoka, lakini yule mama, ambaye hakuwa na sababu ya kunifichia siri, akamfafanulia kwamba maana yake ni mgeni afanye kazi au aende kwao. Ukumbi ukanyamaza. Mjamaika peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

Kicheko kilitokea safu ya nyuma. Alikuwa mwenzetu wa idara ya sheria, ambaye ni Mmississauga wa Credit, na alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Alikuja mbele akaomba nimtafsirie upya, polepole, akauliza kama siku huhesabiwa tangu mgeni anapofika au tangu anapojenga. Kisha akaupapasa ule wanga na kuuliza bei yake kwetu.

"Biashara Street, shilingi mia kadhaa kwa jozi," nikamjibu.

"Ghali," akasema. "Sisi mwaka 1805 eneo la mji huu lilinunuliwa kwa shilingi 10."

Sikuwa na hali ya kupatana bei. Nilitafuta mkasi, nikaitenganisha leso katikati, nikamuuzia kipande kimoja kwa shilingi 10. Aliupokea mzigo wake lakini hakuondoka. Alinisimamia mpaka nikamwandikia risiti yenye rangi ya kitambaa, urefu na upana, kwa sababu hati ya kwanza ya ununuzi huo wa ardhi, ya mwaka 1787, alisema, ilikuja kuonekana baadaye kuwa mahali pa kueleza ardhi yenyewe palikuwa patupu.