Ukishinda, motere yako nitainunua

Jumapili moya ya mwaka jana, ku mbio yetu ya drag (gari mbili pembeni-pembeni, mustari mufupi ulionyoka, wa kwanza kufika ameshinda), tulifika gari 3. Tatu! Na moya kati ya zile ilikuwa ya yaya moya (kaka mukubwa) aliyekuya paka kuangalia, tukamubembeleza naye akimbie juu tusirudie ku nyumba bure. Zamani tulikuwaka tunahesabu gari 20 na kitu, kutoka hapa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, hata bandugu ya Zambia, ngambo ya mupaka wa Kasumbalesa, balikuwaka banavuka. Leo ukiuliza mutu juu ya nini haonekane tena anakujibu neno moya: makuta, ni kusema pesa.

Mbio yetu haikukufa juu bantu balichoka kupenda mbio, hapana. Tulianzaka na gari zetu za kila siku, Corolla ya kuendea ku kazi, kiti ya mutoto bado iko mu nyuma, unafika, unakimbia, unarudia mu nyumba mama anakuuliza mikate iko wapi. Kiisha mutu moya akaleta turbo. Mwingine hakulala, akaenda kutafuta 2JZ, ile motere ya Supra ya lita 3, akaiingiza mu gari haikutengenezwa juu yake. Kutoka pale kila mutu akaona ni lazima afanye zaidi ya mwenzake, na mi pia nilikuwa mu ule wazimu, siwezi kujificha: nilikula minervali (makuta ya masomo) ya batoto juu ya pistoni na turbo ya okazio, nikapasua jwen ya kulasi (gasket ya kichwa ya motere) ku mbio ya pili, moshi mweupe kila pahali sawa banachoma makala. (Bibi yangu akisoma hii, nimekwisha.)

Mbali kule Marekani penye huu muchezo ulizaliwa balipita mu njia ileile. Angalia Pro Stock, kategori moya ya NHRA, chama kikubwa cha mbio za drag cha kule. Kuanzia 1982 motere ziliruhusiwa kufika inchi za ujazo 500, karibu lita 8.2, na timu zikamwaga makuta mu vitu mutu wa kawaida haoni hata na macho. Mu 2016 bakubwa bakasema sasa tubadilishe: karbiratere inatoka, injeksio inaingia, motere haipite mizunguko 10,500 kwa dakika. Wazo halikuwa baya, lakini fikiria timu ndogo yenye ilikuwa na karbiratere zake zote mu kabati, siku moya zimekuwa vyuma bya kuuzisha kwa kilo. Kufika 2019 ile kategori bakaikata, mbio 18 pahali pa 24. Njo maana nacheka kila mara mutu mu groupe yetu anaandika sheria mupya ya kurasa mbili, hii imekatazwa, ile imekatazwa. Sheria ya namna ile inasaidia paka mwenye makuta ya kutafuta tundu mu sheria.

Sasa wazo yangu. Motere moya kwa wote: 1NZ-FE ya Toyota, basi. Ni 1497 cc, ku kitabu banaandika nguvu ya farasi 109, kompresio 10.5. Iko mu IST, iko mu Probox, mu Vitz, mu Spacio, yaani ukisimama ku kituo cha taxi dakika tano umeona kumi. Kutoka Kamalondo mupaka Ruashi hakuna mekanisiye asiyejua kuifungua, hata na muanga wa telefone mu meno wakati kuran ya umeme imekatika. Ile ya mwisho niliyonunua ilinikamata dola 650 na bwate (giaboksi) yake otomatike. Na otomatike iko muzuri kwetu, hakuna kuunguza ambreyaji (klachi) kila Jumapili.

Na kuna kitu bantu banasahauka: huu muji uko karibu metre 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, motere isiyokuwa na turbo inapoteza sawa sehemu moya ya nane ya nguvu yake, kwa hiyo zile farasi 109 zako, hapa uko na 95 hivi. Mwenye turbo, yeye turbo inamurudishia ile hewa. Njo maana hapa kwetu mutu wa turbo alikuwaka anatupiga zaidi ya vile angetupiga Dar es Salaam, na sisi tunafikiri ni ufundi wake. Bila turbo wote tunakohoa pamoja.

Yaya moya aliniambia tupige plombe (muhuri wa kufunga) ku motere, sawa banavyofunga remorke za mizigo mbele ya kuvuka mupaka. Ni kweli, Marekani General Motors inauzisha motere za kufungwa namna ile, ya 604 iko na farasi 400, bantu banakimbia nazo ku njia za udongo, na inasaidia. Lakini tuseme kweli hapa kwetu: mutu atakayeshika ile pensi ya plombe njo atakuwa bwana wetu wote. Baada ya miezi mbili plombe zitauzishwa ku soko ya Kenya, ile komine ya hapa Lubumbashi, pembeni ya nyanya.

Mi nataka sheria yenye haihitaji bwana. Iko vile: mbio ikimalizika, mutu yeyote aliyekimbia siku ile ako na dakika 30 za kuweka dola 700 ku kapo (boneti) ya gari ya mushindi na kuchukua motere yake, pamoja na kalkilateri (kompyuta ya motere), juu najua benye kucheza na programu bataficha ujanja mule. Mushindi anaweza kukatala, sawa, lakini ushindi umepotea na msimu wote anakaa ku kivuli. Hii si mimi niliyeivumbua, ku njia ndogo za Marekani banaitumia tangu zamani. Ona vile inafanya kazi: ni nani ataweka dola 3,000 mu motere yenye mutoto wa Katuba, komine ya hapa kwetu, anaweza kuondoka nayo kwa 700? Hata kompresio hatuna haja ya kupima. Uchoyo wa mutu njo utapima.

Shida ziko, sikatale. Mushindi anaweza kupatana na rafiki yake amununulie kiisha amurudishie usiku, na kutoa motere kunakula saa mingi, kwa hiyo gari inabaki ku garaji moya tuliyokubaliana mupaka kesho yake. Kwa bengine tutaona. Pine za kawaida, esansi ya pompe, hakuna naitro.

Bamoya banapenda ile namna unaandika ku kioo ya gari muda yenye utafanya, na ukiipita mu kukimbia mbio sana umepoteza. Naheshimu, Marekani batu mingi sana banakimbia vile na gari yoyote inaingia. Lakini eleza ile kitu kwa mutu wa Katuba ako na bia ya Simba baridi mu mukono, ameona gari nyekundu imefika ya kwanza, unamwambia hapana, ya bleu njo imeshinda. Ni sawa Mazembe apige Lupopo 3-0 kiisha arbitri aseme mulisema mutafunga 2, muende ku nyumba. Tutapigana.

Urefu, metre 201 inatosha, tuache 402. Gari ndogo inahitaji pahali pa kusimama, na hata bale ba Top Fuel, kategori ya mbio kali kabisa ya NHRA, tangu 2008, kifo ya dereva Scott Kalitta, banakimbia metre 305 tu. Na pahali pa kufungwa, na ruhusa mu mukono. Mu njia ya Kipushi na pikipiki na makamyo sirudie tena hata unilipe, pale tulikuwa na bahati, si akili.

Motere yangu iko tayari, niliitoa mu Probox iliyogongwa mu nyuma. Ku kifuniko ya juu nimeandika 700 na rangi nyeupe. Nikishinda, uje uichukue, lakini noti ya kupasuka sipokei.