Keki Iliyouzwa Mara Tatu

Wamarekani wana kitu wanakiita mnada wa kimya. Vitu vinapangwa mezani, mbele ya kila kimoja karatasi na penseli. Ukitaka kununua unaandika jina lako na bei, unaondoka zako bila kumtazama mtu usoni. Mwenzako akifika anaandika bei kubwa zaidi chini ya yako, naye anaondoka. Hakuna dalali, hakuna spika inayokwaruza, hakuna mheshimiwa anayechelewa makusudi ili aingie watu wote wakiwa wameshakaa.

Nilikutana na maajabu haya nikiwa mwanafunzi Ohio, kwenye jumba la sororiti moja. Sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike, chenye jina la herufi za Kigiriki, nyimbo zake, siri zake na, mara nyingi, nyumba yake yenye nguzo nyeupe mbele, utadhani unaingia mahakamani. Ni mambo ya zamani. Alpha Delta Pi ilianzia Macon, Georgia, mwaka 1851. Alpha Kappa Alpha, ya kwanza ya wanawake weusi, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, na Kamala Harris ni mmoja wao. Kila chama kina hisani yake: Delta Gamma wanashughulikia macho tangu 1936, Alpha Phi moyo, Zeta Tau Alpha saratani ya matiti. Na kila mwaka lazima wachangishe. Wapo wanaouza chapati za maji usiku wa manane. Wapo wanaokulipisha dola chache ili umbandike dada wa watu sahani ya krimu usoni. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Penn State ndio wamevuka mpaka: tangu 1973 wana dansi ya kuchangia, na siku hizi wanakesha saa 46 bila kukaa wala kulala, kwa ajili ya watoto wenye saratani. Saa 46! Kwetu hata matanga hayakeshwi hivyo.

Hawa wa chuo chetu walikuwa na mnada, wikendi ile wazazi wanapokuja kuwatembelea watoto wao, na fedha zilikuwa za hospitali ya watoto. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya msichana tuliyesoma naye darasa la takwimu, ambaye alihitaji mtu wa kubeba meza.

Sasa, lazima mnielewe. Mimi ni mtoto wa harambee. Nauli iliyonifikisha Marekani ilichangwa kwenye uwanja wa kanisa, chini ya hema la kukodi, na aliyeshika maiki ni mjomba wangu, mtu ambaye angeweza kuuza jogoo mmoja mpaka jogoo mwenyewe akachoka. Mjomba alikuwa na sheria zake. Mlango unafungwa. Mgeni akijikuna sikio, amepandisha bei. Fulani akitoa mia mbili ili mwalimu mkuu acheze, mwingine anatoa mia tatu ili mwalimu mkuu akae. Na sheria kuu: muungwana akishinda jogoo, hamchukui. Anamrudisha. Jogoo anauzwa tena, na tena, na jioni anarudi bandani kwa yule mama aliyemtoa, akiwa amelipia muhula mzima.

Basi nikasimama pembeni ya ukumbi ule nikiangalia penseli zilivyofungwa na utepe wa waridi ili zisiibiwe. Kikapu cha mishumaa kilianza dola 20, na kila anayeongeza alitakiwa aongeze dola mbili. Mama mmoja akaandika 34, akaenda kunywa limau, akarudi akakuta mtu ameandika 36. Akatabasamu. Akaenda zake! Nilitamani kumshika mkono nimwambie, mama, pigana.

Mwisho wa yote palikuwa na kitu kimoja tu cha kuuzwa kwa mdomo: keki ya karameli ya ghorofa tatu, iliyookwa na mama mlezi wa jumba, mtu mzima anayeishi na wasichana wale na kusimamia jiko lao. Ilikuwa inang'aa kama kiatu cha askari. Aliyepangwa kuiuza alikuwa amepiga kelele kwenye mechi usiku uliotangulia na sauti ikakauka. Yule wa takwimu akanigeukia. “Wewe si uliniambia kwenu mnachangisha sana?”

Nikapewa maiki.

Nilianza kwa adabu, nikatambua uwepo wa wazazi, wa mama mlezi, na wa bwana mmoja niliyemdhania mkuu wa kitivo, kumbe ni fundi wa viyoyozi. Nikaomba mlango ufungwe. Mama mlezi akasema sheria ya zimamoto hairuhusu. Nikasema basi asimame hapo mlangoni, akasimama, na mtu wa kupita mama yule hayupo.

Bei ikaanza dola 20. Baba mmoja akapangusa miwani, nikamhesabia 30. Mwingine akapungia binti yake, 40. Ukumbi ukaanza kucheka, na mtu akishacheka pochi imeshalegea, hilo mjomba alikuwa akilisema daima. Ikafika dola 85, kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kahawia, mpole, amekaa na mkewe mbele kabisa. Moja, mbili, tatu. Mzee akasimama akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye keki.

Mtu akikunyooshea mikono yote miwili, mnawaza nini? Mimi niliona anairudisha.

“Mzee ameirudisha kwa watoto!” nikapaza sauti. “Mpigieni makofi!”

Wakampigia. Wengine wakasimama. Mkewe akamtazama kwa macho ambayo nadhani hakuwa ameyaona tangu fungate. Mzee akafungua mdomo, akaangalia umati, akaufunga, akakaa. Akavua kofia akaiweka mezani mbele yake, imepinduka, mdomo juu.

Keki ikauzwa tena, dola 110, kwa yule fundi wa viyoyozi. Naye, kwa kuwa ameona mfano, akairudisha mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Hapo watu wakashika maana. Bibi mmoja mwenye fimbo akatoa 15 ili baba wa mwenyekiti aimbe wimbo wa chama, mwenyekiti akatoa 25 ya akiba yake ili baba asiimbe. Keki ikaenda mara ya tatu, dola 140, kwa bwana mmoja mwembamba.

Bwana huyu hakuirudisha. Aliinua kidole akauliza swali. Alikuwa mhasibu.

Marekani ukitoa sadaka unaweza kuipunguza kwenye hesabu yako ya kodi, lakini ukinunua kitu kwenye mnada wa hisani, kinachohesabika ni kile tu ulichozidisha juu ya thamani halisi ya kitu. Hayo aliyaeleza yeye, polepole, ukumbi mzima ukisikiliza kama mahubiri. Kwa hiyo, akasema, atakayebaki na keki lazima aondoe thamani ya keki. Ila aliyeirudisha, kwa maoni yake, ametoa yote.

Dakika hiyo hiyo keki ikakosa mwenyewe. Mhasibu akasema amerudisha. Nikatangaza dola 20, kimya. Dola 10, watu wakatazama viatu. Mweka hazina, binti wa mwaka wa pili, alikuwa na risiti tatu za keki moja na mashine ya kadi mkononi, anauliza aandike jina la nani. Mama mlezi, ambaye alikuwa ameamka alfajiri kuchemsha karameli ile, akatoka mlangoni na kuanza kuja mbele.

Mnada ukipoa, dalali anainua mali. Jogoo tunamshika miguu, mkono mmoja, juu kabisa, naye anajisaidia kwa kupiga mbawa. Keki haijisaidii. Niliinua sinia kwa mkono mmoja, nikazunguka ili na wa nyuma waione, na ghorofa ya juu ikaamua kuendelea kuzunguka peke yake. Ikateleza mkononi mwangu, ikapita kwenye mkono wa shati, ikatua nzima, bila kupasuka, ndani ya kofia ya kahawia.

Kimya kikarudi, kile kile cha penseli na utepe.

Mzee akaitazama kofia. Akachovya kidole, akalamba. Akampa mkewe naye akalamba. Mke akasema, “Ndiyo.”

Bibi wa fimbo akagonga sakafu. “Dola 30, kofia!”

“Thelathini na tano,” akasema fundi wa viyoyozi.

Mhasibu akaanza kuuliza thamani halisi ya kofia iliyotumika. Bibi akasema 40. Mimi maiki nilikuwa bado ninayo, karameli imenifika kwenye kiwiko, nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili.

“Dola 60,” akasema mzee, akaikumbatia kofia kifuani kwa mikono yote miwili. “Na wewe kijana, nisikilize vizuri. Sirudishi.”