Ndama wa utafiti ana mchungaji, naye aambiwe ukweli

Kati ya 2007 na 2010, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na wenzao wa vyuo vikuu vya nje, kikiwemo cha Edinburgh, walifuatilia ndama 548 wa kienyeji huko Busia, magharibi mwa Kenya, na maeneo jirani tangu wiki ya kwanza ya maisha yao. Kila baada ya wiki tano walirudi kwenye boma lile lile kumpima ndama na kumtoa damu, hadi akaribie kutimiza mwaka. Ndama 88 walikufa kabla ya hapo. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ndiyo iliyoua wengi zaidi.

Utafiti kama huu hufanyika nyumbani, na nyumbani ndama ana mtu wake. Mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na tatu au kumi na minne, anayemfunga malishoni kabla ya kwenda shule na kumkatia majani jioni. Sindano inapotafuta mshipa wa shingo, yeye ndiye anayemshika kichwa na kumkuna chini ya kidevu ili atulie. Mara nyingi ndiye wa kwanza kugusa tezi iliyovimba chini ya sikio. Fomu ya ridhaa, hata hivyo, hutiwa sahihi na baba au nyanya.

Wapo wanaosema mapenzi hayo ni hatari kwa sayansi, na hoja yao ina uzito. Tuseme ndama ameshikwa na homa, na utafiti unataka kuona kama atapona bila dawa. Kijana anachukua akiba yake, anakwenda duka la dawa za mifugo, anamdunga ndama kimyakimya, naye anapona. Daftarini ataandikwa kwamba aliushinda ugonjwa mwenyewe. Wakiwa wengi wa namna hiyo, tutaamini ng'ombe wa kienyeji wana kinga ambayo hawana, na mfugaji wa Butula au Teso ndiye atakayelipia kosa hilo zizini mwake. Kwa hiyo, wanasema, kijana asihusishwe.

Mimi naona kumficha ukweli ndiko kunakomsukuma kwenye sindano ya siri. Aliyeelezwa mapema kwa nini dawa itasubiri, na itasubiri hadi lini, ana sababu ya kuja kusema anachokiona.

Upande wa pili kuna wanaosema mnyama aliyependwa hivyo aondolewe kabisa kwenye utafiti. Hapo siwafuati. Chanjo ya ndigana kali iliyotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, hutengenezwa kwa kupe wanaopata vimelea kwa ng'ombe aliyeambukizwa, kisha kupe hao wakanyonya damu ya sungura kabla ya kusagwa. Sungura hao hawana mtoto wa kuwalilia, na maumivu yao ni maumivu vilevile. Tukisema apendwaye ndiye asiguswe, tumemwacha asiye na mtu abebe mzigo wote.

Wanyama wenyewe wana kanuni zinazowalinda, angalau kwenye karatasi. Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inayozuia ukatili kwa wanyama, inadai leseni kwa majaribio ya wanyama. Tangu 1959, wanasayansi Waingereza Russell na Burch walipoandika kuhusu kutafuta mbadala, kupunguza idadi na kupunguza maumivu, wanasayansi wana kipimo cha kujikagua. Lakini macho yote hayo yako kwa mnyama. Katika utafiti wa afya ya binadamu, kijana huombwa ridhaa yake pamoja na ya mzazi. Kwa ndama anayemlea kwa mikono yake, hakuna anayelazimika kumuuliza neno.

Ningependa aketi pale fomu inaposomwa, kwa lugha ya nyumbani. Aambiwe wazi kwamba ndama anaweza kufa. Kiwekwe kikomo cha mateso kinachojulikana na wote: kikifikiwa, daktari wa mifugo atibu na ndama huyo atolewe kwenye hesabu. Na akifa, akapasuliwa kutafuta chanzo, majibu yarudi kwa kijana huyo pia, yasiishie kwa mwenye boma. Watafiti watapoteza takwimu kadhaa kwa utaratibu huu, na bajeti ya safari itapanda. Gharama hiyo iandikwe kwenye ombi la fedha tangu mwanzo, pamoja na mafuta ya gari na mirija ya damu.