Hiyo "mara mbili" ya tiba saidizi isomwe hadi mwisho

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa takwimu iliyozima mazungumzo mengi katika vyumba vya madaktari: wagonjwa wa saratani waliochanganya tiba saidizi, yaani tiba za nje ya hospitali kama yoga au mitishamba, na matibabu ya hospitali walikuwa na hatari ya kufa takriban mara mbili ya wenzao waliotibiwa hospitali tu. Hofu ya daktari anaposikia mgonjwa akitaja tiba hizo ina msingi. Utafiti mwingine wa timu hiyohiyo uliwatazama waliochagua tiba mbadala peke yake. Kwa saratani ya matiti hatari yao ya kufa ilizidi mara tano ya waliotibiwa hospitali.

Lakini tuikalie kidogo hiyo "mara mbili". Katika kundi la tiba saidizi, asilimia 53 ya walioshauriwa mionzi waliikataa, ilhali kwa wenzao ni asilimia 2.3. Dawa za homoni zilikataliwa na kama theluthi moja, wenzao hawakufika asilimia 3. Kukataa huko kulipoingizwa kwenye hesabu, tofauti ya vifo ikapungua hadi isiweze tena kuthibitishwa kitakwimu. Tena waliohesabiwa ni wale tu ambao kumbukumbu zao zilionyesha kutibiwa saratani na watu wasio wahudumu wa afya. Mwanamke anayemeza kidonge chake kila siku kisha akaenda yoga jioni hakuwa wa kuandikwa humo, na bado takwimu ile ndiyo anayotishiwa nayo.

Woga wa namna hii tumeshauona. Mgonjwa wa saratani ya matiti aliyeondolewa tezi za kwapa alikuwa akikanywa asinyanyue kitu kizito, mkono usije ukavimba. Mwaka 2009 yakaja majibu ya jaribio la wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa imevimba. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kuongeza polepole, kwa mwaka mzima. Uvimbe haukuongezeka, na waliozidiwa ghafla walikuwa asilimia 14, dhidi ya 29 kwa wasionyanyua.

Kisha kuna maumivu ya viungo yanayoletwa na dawa za kuzuia aromatesi (dawa za saratani ya matiti zinazopunguza homoni ya estrojeni mwilini), maumivu ambayo huwafanya wanawake wengi waache dawa kabla ya muda. Katika jaribio la 2015, mwaka mmoja wa mazoezi uliyapunguza kwa asilimia 29. Tiba ya sindano ya Kichina (akupancha), iliyojaribiwa kwa wanawake 226, iliishinda sindano ya kuigiza kwa takriban alama moja kati ya kumi za kipimo cha maumivu. Wapinzani wa tiba saidizi husema alama moja ni kidogo, na kweli ni kidogo. Ila kwa asiyeweza kukunja ngumi asubuhi, hiyo moja huenda ndiyo itakayomtoa nje kutembea, na hapo mazoezi yakaanza kazi yao.

Ninapokubaliana na wapinzani bila kusita ni kwenye mitishamba. Neno "tiba saidizi" ni gunia: usingaji umo, na kapsuli za haiperikamu zimo, mmea unaotumika kutuliza huzuni lakini unaolichochea ini kuvunja dawa nyingi upesi kuliko kawaida. Mgonjwa aliyekemewa kwa sababu ya yoga hatazitaja kapsuli hizo. Atazibakiza mkobani, na daktari ataendelea kuandika tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya matiti, bila kujua inakutana na nini.