Pampu kwanza, viraka baadaye

Siku hizi ukiingia maduka ya baiskeli mjini unakuta vile vipochi vya kuzibia pancha vimening'inia ukutani, ndani kuna viraka vichache, kimsasa, solusheni ya kudondosha tu, na spana ya kukunja yenye vichwa hata havihesabiki, watu wananunua wanafunga chini ya siti na safari imeanza. Mi nasema nusu ya vitu vya mle havina kazi kwenye baiskeli nyingi tunazoendesha huku Dodoma, na kinachotakiwa kuliko vyote hakimo, pampu. Umeziba pancha safi kabisa uko katikati ya njia ya Hombolo, haya, upepo unautoa wapi?

Na usiniambie pampu unayo kama hujawahi kuijaribu kwenye nozeli yako. Kuna nozeli nene kama ya gari, kuna ile nyembamba ya baiskeli za mashindano ambayo lazima ulegeze kale kanati ka juu ndo upepo uingie, afu kuna ya baiskeli zetu za zamani, hizi Phoenix na wenzake, yenye kampira laini kanakovishwa kwenye kijiti cha ndani. Pampu ya ile nene haishiki kwenye hizi nyingine mbili, labda uwe na kile kiunganishi cha shaba, ambacho ni bei ya soda na kinakaa mfukoni bila kukusumbua. Ile pampu ndefu ya mpini mnaidharau bure, ikianza kupumua nyuma badala ya mbele mara nyingi ni washa ya ngozi ya ndani imekauka, fungua tia mafuta kidogo, hata ya kupikia, irudishe uone.

Hako kampira ka nozeli nako tukaongelee, maana watu wanang'oa tairi bure. Umeamka asubuhi gurudumu limelala, kabla hujagusa spana jaza upepo, paka mate kwenye mdomo wa nozeli, subiri kidogo. Ukiona povu linapanda pole pole, tyubu nzima haina shida, ni kampira kamechoka na jua. Beba kipande cha urefu wa kidole, unakata, unavisha, unaondoka. Sijaona kipochi cha dukani chenye hiyo kitu hata kimoja.

Zile chupa ndogo za gesi za gramu 16 wanazosifia jamaa wa Ulaya, hapana bwana. Kweli inajaza tairi ndani ya sekunde, lakini ni ya mara moja tu, na ile gesi inapenya kwenye mpira haraka kuliko hewa ya kawaida kwa hiyo kesho yake unakuta tairi limelegea tena. Zikiisha ukiwa Bahi utamuuliza nani?

Kinachofuata ni tyubu ya akiba. Njiani badilisha tyubu, kuziba utaziba nyumbani umekaa kivulini na beseni la maji. Soma saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, usimtajie muuzaji namba moja tu, maana 28 ya Phoenix na 28 ya baiskeli ya kisasa matairi yake hayaingiliani, ingawa tyubu kwa kuwa inavutika unaweza kuokoa nayo jahazi mpaka ufike.

Lakini tyubu mpya usiiingize kabla hujalipapasa tairi kwa ndani, hapa ndo watu wanaumia mara mbili. Huku adui ni mbigili, na mbigili ina tabia ya kukatikia ndani ya mpira, kwa nje unaona kadoa tu kama vumbi, kwa ndani kancha kamechungulia. Zungusha kitambaa taratibu ndani ya tairi lote, kikinasa mahali umeipata, ing'oe. Barabara kuu pia kuna vile vinyuzi vya chuma vya matairi ya malori yaliyopasuka, hivyo hata kucha haivishiki, mi nabeba kikoleo kidogo cha nyusi na sioni aibu. Ukikuta matundu mawili yamepangana pembeni ya tyubu hakuna mwiba wa kutafuta hapo, rimu ndo imeibana tyubu kwenye shimo, maana yake ulikuwa na upepo mdogo.

Vifaa vyenyewe sasa. Gurudumu lako limefungwa kwa nati? Mara nyingi ni spana namba 15, hakikisha kwako kabla hujatoka, maana ile ya kukunja haina hiyo kitu. Kama ni la kufyatua kwa mkono, bahati yako. Liva za kung'olea tairi, mbili za plastiki ngumu zinatosha, na bisibisi muachie fundi chini ya mwarobaini, yeye mkono umezoea, wewe utatoboa tyubu mpya.

Viraka beba, sikatai, mbigili hazijui kwamba una tyubu moja tu. Solusheni ikishafunguliwa inakauka yenyewe hata kama umekaza kifuniko, kwa hiyo iminye kabla ya safari ndefu usikie kama bado kuna kitu. Piga msasa mpaka ule weusi wa kung'aa uishe, paka, afu ACHA. Usipulize, usibandike ikiwa mbichi, ngoja mpaka ukigusa pembeni haikuachii unyevu kidoleni. Haraka hapo ndo inafanya viraka vibanduke halafu lawama anabeba muuzaji.

Tia na kipande cha tairi kuukuu, hata tyubu ya dawa ya meno iliyokatwa ikafunguliwa, cha kuweka ndani tairi likichanika ubavuni, bila hivyo tyubu inachomoza nje na kupasuka.

Na nyie wa matairi yasiyo na tyubu, najua mmeshaanza kucheka. Yale maji ya kuzibia kwa joto hili yanakauka mapema kuliko kopo linavyosema, kwa hiyo nanyi tyubu bebeni, na pampu.