Sikula nyumba ya watu, nilionja jani moja tu

Wakuu, najua yule Msukuma ninayekaa naye chumba kimoja hapa Los Baños keshawatumia sauti kwamba Mnyakyusa "kala nyumba ya watu" Ufilipino. Muongo. Nilikula jani moja. Tena dogo.

Jana Mei 15 tulikuwa mji wa Lucban, sikukuu ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima. Nyumba zinavalishwa mavuno: masuke ya mpunga, maboga, ndizi, na kiping. Kiping ni uji wa unga wa mchele uliotiwa rangi. Unapakwa juu ya jani, unapikwa kwa mvuke, ukikauka unabanduliwa na mishipa yote ya jani imo. Zinaungwa nyingi kwa uzi zinaning'inia barazani kama ile taa kubwa ya ukumbi wa harusi.

Sasa mimi mtoto wa Kyela. Nikisikia mchele, mkono unatangulia akili.

Nikashika moja ya waridi, pembeni kabisa. Nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena, uzi ukalia "tii". Ikadondoka ya kijani. Ikafuata ya njano. Halafu kimya, kama inanipa nafasi ya kukimbia. Sikukimbia, nilikuwa natafuna. (Msijaribu. Isipokaangwa ni sawa na kutafuna mfuko wa nailoni.) Ndipo zote zikanishukia shwaaa! Kichwani, kwenye kola, mpaka ndani ya shati.

Bibi mwenye nyumba akatoka, akanyoosha mkono. Nikajua ni kofi. Nikakumbuka tulivyofundishwa: huku mkubwa unamshika mkono, unauweka kwenye paji la uso wako, unasema "mano po". Nikaudaka mkono, nikaubandika usoni, na mdomo umejaa nikapaza sauti:

"SHIKAMOO!"

Kumbe maskini alitaka kunitoa kiping kwenye nywele. Mtaa mzima ukaangua kicheko. Cheka na wewe, nakuona.

Na msichojua: njia ya maandamano ya sikukuu hubadilika kila mwaka, na nyumba za njiani ndizo zinazopambwa, kwa hiyo mtaa ule usingepata zamu tena karibuni. Na majaji wa shindano la mapambo walikuwa nyumba ya tatu! Basi nikapandishwa kwenye stuli, watoto wakanipa uzi, tukafunga hovyo hovyo, majaji wakapita, bibi akanikaangia kiping za akiba. Nzuri ajabu.

Asubuhi hii mama kapiga simu toka Kyela. Anauliza kama huku hawanilishi.