Majeshi ya kigeni na hesabu ya Kigoma

Mei 2015 meli ya MV Liemba ilitia nanga mbali na ufukwe wa Kagunga, huku kwetu Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, maana kijiji hakina gati. Wakimbizi wa Burundi walisogezwa kwa mitumbwi, wakapandishwa melini mmoja mmoja, na kipindupindu kilikuwa kimeshaanza kuua. Kwa hiyo mjadala wa mataifa ya Magharibi kupeleka majeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, eti kuokoa raia, sisi wa Kigoma hatuusikilizi kama habari za mbali.

Anayetaka majeshi hayo yaingie huanza na Rwanda 1994, na ana hoja nzito. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa kutoka 2,500 hivi hadi 270. Ubelgiji ilikuwa imeshaondoa wake baada ya 10 kuuawa. Watu wapatao 800,000 waliangamia ndani ya siku 100, na dunia inaangalia. Bado inaniuma.

Lakini Juni Ufaransa iliingia, kwa Operesheni Turquoise. Iliokoa maelfu, na papo hapo eneo lake likawa njia ya wauaji kuvukia Zaire na silaha zao. Vita vilivyozuka huko mwaka 1996 ndivyo vilivyotuletea Wakongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Libya inanitia hofu zaidi. Machi 2011 Baraza liliruhusu nguvu za kijeshi zitumike kulinda raia. Urusi na China hazikupinga. Kufikia Oktoba Gaddafi ameuawa, serikali haipo, silaha zinasambaa hadi Mali. Urusi na China zikaona zimechezewa, na mwezi huohuo zikapiga kura ya turufu kuhusu Syria. Mataifa ya Magharibi yaliyotumia vibaya kibali cha Libya yaliwafungia mlango Wasyria.

Mimi nakubali kuingia kwa kazi ndogo inayojulikana mwisho wake. Bunia, Ituri, Juni 2003: kikosi cha Ulaya kikiongozwa na Ufaransa kilishika mji mmoja, kikakabidhi kwa Umoja wa Mataifa Septemba. Nje ya mji watu waliendelea kuuawa, hilo siwezi kulificha. Ila waliokuwa mjini walipona.

Wapo wanaosema tuachiwe Waafrika wenyewe. Natamani iwe hivyo. Desemba 2015 Umoja wa Afrika ulitangaza askari 5,000 kwa ajili ya Burundi. Rais wa huko, Nkurunziza, akakataa, na Januari viongozi wetu wakarudi nyuma.

Kwa hiyo kila azimio lijibu: mji gani unalindwa, nani anapokea zamu, na aliyekimbia atarudi kwake lini? Hilo la tatu halimo katika hotuba za pande zote mbili. Wapo waliozaliwa Nyarugusu ile miaka ya mwanzo ambao sasa wana watoto, nao wamezaliwa kambini humo humo.